Bei ya nyumba Lushoto haipimwi kwa vyumba

Msomaji anayefuatilia soko la nyumba katika Milima ya Usambara atakuwa ameona kwamba matangazo ya mauzo yanafanana kwa maneno, yawe ya karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa duka pale Soni au ya dalali anayepiga simu kutoka Lushoto mjini. Nyumba ina vyumba vitatu au vitano, kimoja ni masta, ina sebule na jiko, umeme upo, maji yapo, gari linafika. Halafu inatajwa bei. Mnunuzi naye huichukua bei hiyo, akaigawa kwa idadi ya vyumba, akaona ipi ni rahisi, kisha akaanza kubembeleza apunguziwe.

Kipimo hicho kinawatia watu hasara, na hasara yenyewe huwaangukia zaidi wenye mtaji mdogo. Nawazungumzia mfanyabiashara wa Lukozi aliyedunduliza faida ya viazi na kabichi kwa misimu mitatu, mtumishi anayekaribia kustaafu, na ndugu waliochangishana wakiwa Dar es Salaam na Tanga ili wanunue nyumba ya kupangisha huku kwao. Watu hawa hununua nyumba moja tu katika maisha yao. Ikipasuka hawana ya pili ya kuwafidia, na ikiwa walikopa kwenye SACCOS, marejesho yanaendelea hata kama mpangaji amehama.

Nyumba ya mlimani ni kitu tofauti na nyumba ya Tanga mjini au ya Mombo pale chini. Lushoto iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400, na sehemu kubwa ya viwanja vyake ni miteremko. Ili upate mahali pa kujenga, lazima ukate mlima upande wa juu na kuutupa udongo upande wa chini. Matokeo yake ni kwamba nyumba nyingi zimesimama nusu kwenye ardhi asilia iliyokatwa na nusu kwenye udongo wa kujaza. Upande mmoja umeshikamana tangu enzi na enzi, na mwingine umeshindiliwa kwa majembe na miguu ya vibarua kwa wiki mbili. Masika ya kwanza au ya pili yakipita, upande wa kujaza hutitia kidogo. Ukuta hauwezi kufuata pande mbili kwa pamoja, kwa hiyo unachanika. Ufa wake hupanda kwa ngazi, tofali kwa tofali, kutoka kona ya dirisha kwenda juu.

Ufa wa namna hiyo hauna uhusiano wowote na idadi ya vyumba. Ila ukiuziwa nyumba ya vyumba vitano yenye ufa huo, umeuziwa vyumba vitano na kazi ya kujenga upya pembe moja ya nyumba.

Neno moja, nyumba tatu

Tangazo likisema "nyumba ya tofali" halijasema kitu. Katika Usambara neno hilo linabeba nyumba za aina tatu au nne zilizo mbali kabisa kwa thamani. Ipo ya tofali za kuchoma zilizojengwa kwa saruji. Ipo ya tofali hizo hizo za kuchoma lakini zimeunganishwa kwa udongo, halafu zikapigwa lipu ya saruji nje na ndani ili zionekane kama dada zake. Ipo ya tofali za saruji, na hata hiyo ina daraja zake, kama tutakavyoona. Ukiongeza zile za tofali mbichi zilizopakwa chokaa, unapata soko ambalo bidhaa nne zinauzwa kwa jina moja. Kwenye maharage hatukubali hivyo. Mnunuzi wa jumla hachukui gunia bila kuchopeka mkono hadi chini aone kama soya haikuchanganywa na njano. Kwenye nyumba, ambayo ni mzigo mkubwa kuliko malori kadhaa ya maharage, tunatazama rangi ya ukuta.

Tuchukue hesabu ya tofali za saruji peke yake, kwa kuwa hapo ndipo tofauti inapoweza kupimwa kwa kalamu. Tofali la kawaida la inchi 6 lina urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9. Fundi akilisimamisha, ukuta unakuwa na unene wa inchi 6. Akililaza, unene unakuwa inchi 9 na kila mstari unapanda kwa inchi 6 tu badala ya 9, kwa hiyo tofali zinazotumika zinaongezeka kwa karibu nusu. Ukuta uliokula tofali 2,000 za kusimamisha utakula kama 3,000 za kulaza. Sasa ongeza uwiano wa saruji. Kuna wanaofyatua tofali 25 kwa mfuko mmoja wa kilo 50, na kuna wanaovuta hadi 45. Tofali 2,000 za mfuko-kwa-45 zimekula mifuko 44 na ushei. Tofali 3,000 za mfuko-kwa-25 zimekula mifuko 120. Hapo hatujagusa saruji ya kujengea wala ya lipu. Nyumba hizi mbili zikishapakwa rangi moja, zenye mabati ya rangi moja, dalali atakuambia zina bei moja kwa sababu zote ni za vyumba vitatu.

Na saruji huku haifiki bure. Ikitoka kiwandani Pongwe karibu na Tanga inateremka Mombo, kisha inapanda kilomita 33 za kona hadi Lushoto. Ikiwa mjenzi yuko Mlalo, Rangwi au Mtae, bado safari ni ndefu, na mvua ikinyesha mwenye lori huongeza nauli au hukataa kabisa. Nondo nazo hupita njia hiyo hiyo. Mchanga mzuri pia ni wa kuusafirisha. Ndiyo maana mjenzi wa milimani ana kishawishi kikubwa cha kupunguza vitu vitatu, yaani saruji, nondo na mchanga, na vyote vitatu ni vile ambavyo jengo likishamalizika havionekani tena.

Kinachofichwa zaidi ya vyote ni mkanda wa zege unaozunguka nyumba nzima juu ya milango na madirisha, ambao mafundi wetu wanauita renta. Huo ndio unaozifunga kuta nne zikawa sanduku moja. Ukikatizwa, kila ukuta unajisimamia peke yake. Fundi anayebana gharama huweka zege juu ya matundu ya milango na madirisha tu, kisha anaendelea na tofali kama kawaida. Lipu ikipita huwezi kujua, isipokuwa uingie darini na tochi au umbane fundi aliyejenga.

Tanzania imekwisha kulipia somo hili. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9, ambao kwa nchi zinazojenga kwa kujihami si tetemeko la kutisha. Hata hivyo watu zaidi ya 15 walikufa na maelfu ya nyumba yaliharibika. Nyingi kati ya zilizoanguka zilikuwa za tofali zisizofungwa kwa nondo wala mkanda, zilizojengwa kwa udongo. Sisi wa Usambara hofu yetu ya kila mwaka si tetemeko, ni mlima wenyewe. Novemba 2009, jirani zetu wa Milima ya Upare walishuhudia maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 20 katika kijiji cha Goha, wilayani Same. Desemba 2023 ikawa zamu ya Katesh, chini ya Mlima Hanang, na huko waliokufa walizidi 80. Kwa maporomoko ya kiasi hicho hakuna ukuta unaofua dafu, na mwenye kununua anapaswa kutazama kwanza kiwanja chenyewe kiko wapi. Lakini kati ya janga la aina ile na usalama kamili kuna nafasi kubwa, na humo ndimo nyumba nyingi za Lushoto zimo. Udongo husogea kidogo kidogo, maji hupenya, na nyumba hudumu au haidumu kwa jinsi ilivyojengwa.

Maji ya paa ni ya nani?

Kuna jambo ambalo halimo katika tangazo lolote nililowahi kuliona, nalo ni njia ya maji. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 100, paa hilo linamwaga lita 5,000. Hiyo ni hesabu ya darasani, lita moja kwa kila milimita kwa kila mita ya mraba. Swali ni lita hizo zinakwenda wapi. Kwenye tambarare zinatapakaa uani. Kwenye mteremko huanguka nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na kingo iliyokatwa, zikatafuta msingi. Au huanguka mbele, juu ya ule udongo wa kujaza, zikaulainisha. Au huteremka kwa jirani wa chini, na hapo unapata kesi ya baraza la kata ambayo utairithi pamoja na nyumba.

Nyumba yenye mifereji ya bati, tangi la kukingia na mtaro wa mawe unaopeleka maji hadi korongoni ina thamani kubwa kuliko nyumba ya ukubwa uleule isiyo na hivyo. Hali kadhalika ukuta wa kuzuia udongo upande wa juu. Utazame una matundu ya kupumulia maji. Usipokuwa nayo, maji hujaa nyuma yake kama bwawa, na ukuta uliojengwa kuilinda nyumba ndio utakaoiangukia. Wazee waliofanya kazi na mradi wa kuhifadhi udongo wa SECAP, ulioanza hapa Lushoto mwaka 1981 kwa msaada wa Wajerumani, watakuambia mambo haya kwa habari ya mashamba: matuta, makinga maji, majani ya kushika kingo. Sijui kwa nini mkulima yuleyule anayekinga maji shambani kwake huyaachia yapige nyumba yake mgongoni.

Tufanye mfano wa kukokotolea. Bei ninazotaja ni za mfano tu, msomaji aweke za kwake. Nyumba ya kwanza inauzwa sh. milioni 48, ina mita za mraba 120 na vyumba vitano. Nyumba ya pili nayo ni sh. milioni 48, ina mita za mraba 90 na vyumba vinne. Kwa kipimo cha dalali, ya kwanza ni sh. 9,600,000 kwa chumba, ya pili ni sh. 12,000,000. Kwa mita ya mraba ya kwanza ni sh. 400,000, ya pili ni zaidi ya sh. 533,000. Ya kwanza ikipangishwa sh. 150,000 kwa mwezi italeta sh. 1,800,000 kwa mwaka, yaani asilimia 3.75 ya bei. Ya pili kwa sh. 130,000 italeta sh. 1,560,000, asilimia 3.25. Kila mtu atakimbilia ya kwanza.

Sasa peleka fundi mwashi asiye na ubia na dalali. Nyumba ya kwanza haina ukuta wa kuzuia udongo, kuujenga ni sh. milioni 6. Haina mkanda, na kuuweka ni kufungua paa, tuseme sh. milioni 5. Kenchi ni za miti michanga isiyotiwa dawa na mchwa wameshaanza, sh. milioni 5 nyingine. Mifereji na mitaro sh. milioni 2. Jumla ni sh. milioni 18, na nyumba imekuwa ya sh. milioni 66. Ya pili inahitaji mifereji tu, sh. 1,200,000, kwa hiyo ni sh. milioni 49.2. Ukigawa tena, ya kwanza ni sh. 550,000 kwa mita ya mraba, ya pili ni karibu sh. 547,000. Ule unafuu umeyeyuka. Na kodi ya kwanza sasa ni asilimia 2.7 ya fedha uliyotia, ya pili ni asilimia 3.2 hivi. Tena ya kwanza, hata baada ya matengenezo yote hayo, bado ina msingi ambao hakuna aliyeufukua akauona.

Wapo watakaosema: lakini watu hawatengenezi, wanapangisha hivyo hivyo. Ni kweli, na wanaofanya hivyo wanakula mtaji wao wakidhani wanakula faida. Mwaka wa kuuza ukifika watauza kwa nani? Mnunuzi wa wakati huo naye atakuwa na macho.

Wataalamu wa uchumi wana njia yao ya kulipanga jambo hili, na si mpya. Mwaka 1939 huko Marekani, Andrew Court alilinganisha bei za magari kwa kuzivunja katika sifa: uzito, urefu, nguvu ya injini. Mwaka 1974 Sherwin Rosen aliiwekea njia hiyo msingi wa nadharia, na tangu hapo imetumika sana kwenye nyumba. Wazo ni kwamba hununui nyumba moja, unanunua fungu la sifa, na kila sifa ina bei yake iliyojificha ndani ya bei moja. Kielelezo cha bei za nyumba cha Halifax huko Uingereza kimejengwa juu ya wazo hilo tangu 1983, na jirani zetu wa Chama cha Mabenki cha Kenya walitoa cha kwao mwaka 2015.

Ninaliheshimu wazo hilo, lakini kwa Lushoto lina kasoro mbili. Kwanza, mauzo yetu ni machache na mengi hayaandikwi kwa bei halisi, hivyo kompyuta haina cha kula. Pili, na hili ndilo kubwa, njia hiyo hupima kile ambacho wanunuzi wanakilipia. Sifa ambayo mnunuzi haioni, haimo katika bei. Ungekusanya mauzo yote ya Lushoto ya miaka kumi ukayapiga hesabu, huenda ungeona kwamba chumba cha masta kinaongeza bei na vigae vya sakafuni vinaongeza bei, na mkanda wa zege hauongezi chochote. Mtu angeweza kuhitimisha kwamba mkanda hauna thamani. Mimi nahitimisha kinyume chake. Mkanda unauzwa bure! Anayejua kuutafuta ananunua nyumba imara kwa bei ya nyumba legelege, kwa kuwa aliyejenga vizuri hana namna ya kumwonyesha mnunuzi alichokifukia. Upande wa pili wa shilingi, aliyejenga vibaya anauza ubovu kwa bei ya uimara.

Hali hiyo ikiendelea, nani atajenga vizuri? Mjenzi wa kuuza atatia fedha kwenye vigae na geti. Nadhani tayari tunaanza kuyaona hayo kwenye nyumba mpya zinazochipuka kando ya barabara kuu.

Nyumba kuukuu zisidharauliwe

Kuna mazoea ya kugawa nyumba katika mafungu ya kudumu, nusu kudumu na ya muda, kisha kuamini kwamba mpya ni bora kuliko ya zamani. Sensa nazo, ikiwemo ya mwaka 2022 iliyohesabu pia majengo yote nchini, huuliza ukuta ni wa nini, paa ni la nini, sakafu ni ya nini. Ni maswali mazuri kwa serikali. Kwa mnunuzi hayatoshi.

Tazama majengo ya mawe yaliyobaki tangu Lushoto ilipoitwa Wilhelmsthal. Yamepita miaka mia moja na ushei ya masika. Kuta zake ni nene, msingi wake ni wa mawe ya hapa hapa, paa ni kali la kumwaga maji upesi. Mbao zake za zamani ni habari nyingine. Wakati wa Wajerumani mierezi ya Shume ilipasuliwa huko juu na kuteremshwa kwa waya hadi Mkumbara kwenye reli. Mwerezi na mkulo uliokomaa haviliwi ovyo na mchwa. Leo miti hiyo ya asili imo ndani ya misitu iliyohifadhiwa kama ule wa Magamba, na mbao zinazouzwa kihalali ni hasa za misindano na saipresi za mashamba ya miti kama Shume. Kwa hiyo mwenye nyumba kuukuu yenye kenchi za mwerezi ana kitu kisichonunulika dukani. Katika bei za leo kitu hicho kinahesabiwa kama uchakavu. Sisemi kila nyumba ya kale ni dhahabu. Dohani iliyopasuka inavujisha maji hadi kitovu cha ukuta, na fundi wa kuiziba haonekani kirahisi. Lakini apimwe kwa hali yake, si kwa umri wake.

Mlalo nako kuna nyumba za ghorofa za tofali na udongo, zenye roshani za mbao zilizochongwa, ambazo wageni husimama kuzipiga picha. Mnunuzi wa kupangisha huzipita akitafuta za mabati ya rangi. Nyumba ya namna hiyo, ikiwa paa halivuji na ukuta wa chini haujalambwa na matone, inaweza kuwa ununuzi wa busara kuliko boma la tofali za mfuko-kwa-45. Udongo uliokauka una nguvu ya kutosha. Adui yake ni maji. Mchoro mzuri wa nyumba ya udongo ni paa linalotokeza mbele sana na msingi wa mawe uliopanda juu ya ardhi. Ukiviona hivyo viwili, ongeza bei. Usipoviona, punguza bila huruma.

Nigusie na boma, kwa maana ya nyumba isiyopauliwa, kwa sababu siku hizi yanauzwa mengi. Kwa miaka mingi msimamo wa serikali ulikuwa kwamba ardhi tupu haina bei, kinachouzwa ni maendelezo yaliyo juu yake. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zilikubali kwamba ardhi ina thamani, lakini mazoea hayakufa. Bado watu wanainua kuta haraka haraka ili kiwanja kipate sura ya kuuzika. Kuta hizo hazikujengwa ili mtu aishi humo. Ukinunua boma lililokaa mvua tatu bila paa, lihesabu kama kiwanja, na gharama ya kulibomoa itoke kwa muuzaji. Ninajua madalali hawatapenda sentensi hiyo. Na kama ni ardhi ya kijiji, uliza kwanza halmashauri ya kijiji kabla hujauliza fundi.

Faida moja ya boma ni kwamba halijapigwa lipu. Unaona kila kitu: kama tofali limelazwa au limesimamishwa, kama mkanda umezunguka, nondo ngapi zinachungulia juu ya nguzo. Kwaruza kiungo kati ya tofali mbili kwa msumari. Kikitoka unga mwekundu ni udongo, kikigoma ni saruji. Kwenye nyumba iliyokamilika fanya hivyo ndani ya dari, ambako wengi hawapigi lipu.

Wathamini waliosajiliwa, ambao tangu 2016 wana sheria yao, hutumia mara nyingi gharama ya kujenga upya ukitoa uchakavu. Ni njia halali, ila inategemea mthamini amejaza nini katika fomu. Mkopaji anayepeleka nyumba benki amwombe mthamini aandike wazi aina ya kiungo cha tofali, mkanda, hali ya kenchi, ukuta wa kuzuia udongo na njia ya maji. Ikiwa nyumba yako ni imara, hayo ndiyo yatakayoipandisha. Mwenye nyumba mbovu ndiye asiyependa yaandikwe.

Kuhusu wakati wa kununua, wageni wengi huja Lushoto Julai au Desemba, wakati wa likizo, barabara kavu au maua yamechanua, na bei huwa juu. Kuta zimekauka, nyufa zimepakwa. Aprili na Mei hakuna anayetaka kupanda mlima, na muuzaji mwenye shida ya fedha husikiliza. Ndio wakati ambao nyumba haiwezi kukudanganya: unyevu unapanda ukutani wazi wazi, maji ya paa unayaona kwa macho yanakokwenda, na jirani wa chini yuko barazani kwake, tayari kukueleza kilichotokea mwaka jana. Vaa mabuti, chukua fundi wako, uje mvua inaponyesha.